Chupa ya mjonso na hii habari ya "kuondoa usugu wa kansa"

Jumamosi iliyopita niko dukani hapa Mwanga, Kigoma, mvua ndo imekatika tu, akaingia mama mmoja wa Ujiji na mjukuu wake, kashika chupa ya maji ya lita moja na nusu ila ndani sio maji, ni kitu cha kijani cheusi kimejaa mpaka shingoni. Nikamwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu, akaiweka kaunta akasema niambie kama hii naweza kunywa nikiwa kwenye ile dawa nyekundu. Nilivyofungua kifuniko nikakutana na pilipili manga kwanza, halafu kwa nyuma ule uchungu wa mjonso, ule mti wa dawa wenye majani machungu, ambao ukiunusa tu mate yanabadilika.

Dawa nyekundu ni doksorubisini. Wagonjwa wanaiita hivyo kwa sababu dripu yake ni nyekundu kama juisi ya rozela, na mkojo nao unatoka na rangi hiyo. Mama ana kansa ya titi, anaifuata Bugando kule Mwanza kila baada ya siku 21, anapewa na siklofosfamaidi humo humo. Mjukuu akanichezea voisi ya WhatsApp, jamaa anaongea kwa kujiamini kweli kweli, eti kansa inakuwa sugu kwa sababu ya vimeng'enya, zile protini za mwilini zinazobadilisha kemikali, na mjonso ukichanganya na manjano na pilipili manga unavizima vyote, dawa inapiga mara kumi.

Mimi ni mfamasia, na wakati wa masta nilishinda maabara miezi na miezi napima vimeng'enya na majimaji ya majani, kwa hiyo huyo jamaa kanishtua kidogo maana hajadanganya yote. Nusu ni kweli, na hiyo nusu ndo inayonitisha.

Iko hivi. Seli ya kansa iliyozoea dawa inakuwa kama stesheni yetu siku ya treni, kuna anayebandika tiketi kwenye mzigo na kuna mpagazi anaubeba kuutoa. Mbandika tiketi ni kimeng'enya kinaitwa glutathioni S-transferasi, kinaigandisha glutathioni, hiyo ndo tiketi, kwenye dawa, na pampu za kwenye ukuta wa seli zinaitupa nje. Pampu maarufu kuliko zote, P-glaikoprotini, waliieleza Juliano na Ling mwaka 1976. Halafu kuna kimeng'enya kingine, kabonili reduktasi 1, hiki ndo kinamhusu mama moja kwa moja, kinaigeuza doksorubisini kuwa doksorubisinoli ambayo kwa kansa ni dhaifu lakini kwa moyo ni msumbufu. Yaani unapoteza dawa na unaumiza moyo, hasara mbili kwa mpigo.

Na mimea inaweza kuvizuia? Ndiyo, na sana. Kwersetini ya kwenye vitunguu, asidi elagiki ya komamanga, kurkumini ya manjano, ukiziweka kwenye kichupa na hivyo vimeng'enya unaona kabisa kwenye mashine mstari unashuka. Mwaka 2010 ilitoka kazi moja kuhusu EGCG, ile kitu ya chai ya kijani, inaikamata hiyo hiyo kabonili reduktasi 1, na daunorubisini, ndugu yake doksorubisini, ikafanya kazi vizuri zaidi kwenye seli za kansa ya ini na kwenye panya. Mtu akisikia hapo anakimbilia kuchemsha chai. Subiri kwanza. Mwaka mmoja nyuma, 2009, EGCG hiyo hiyo ilionekana inaishika bortezomibu, dawa ya kansa ya uboho, inajifunga nayo kabisa na kuiua nguvu. Kitu kimoja, dawa mbili, matokeo yanapishana kama usiku na mchana. Ndo maana mtu akiniambia "chai ya kijani inasaidia kimo", yaani kemotherapi, zile dawa za kuua kansa, namuuliza kimo ipi.

Lakini swali ambalo yule jamaa wa voisi hakuligusa kabisa ni hili, hicho kimeng'enya unachokizima kinakaa wapi? Maana hakikai kwenye uvimbe peke yake. Chukua siklofosfamaidi ya mama. Inaingia mwilini imelala, inaamshwa kwenye ini na vimeng'enya vya saitokromu P450, halafu kuna vingine, aldehaidi dihaidrojinasi, vinaizima. Kansa sugu inavitengeneza hivyo vya kuzima kwa wingi, sawa, ila seli mama za kwenye uboho nazo zinavyo vingi na ndo ngao yao, ndo maana mgonjwa akishapigwa kimo damu yake inashuka halafu inarudi. Sasa wewe ukimeza kitu kinachozima kila mahali, umeivua kansa ngao na uboho pia umeuvua. Na ukizuia vile vya kuamsha basi dawa inapita imelala hivyo hivyo, mama kasafiri mpaka Mwanza bure.

Balungi ndo mfano ninaoupenda. Mwaka 1989 kule Kanada, Bailey na wenzake walikuwa wanapima pombe na dawa ya presha inaitwa felodipini, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, kumbe juisi yenyewe ndo ikapandisha dawa kwenye damu. Inaharibu CYP3A4, kimojawapo cha vile vya saitokromu P450, ya kwenye utumbo, na utumbo unatakiwa kutengeneza mpya, kwa hiyo glasi moja ya leo kesho bado ina kazi.

Pilipili manga nayo sio ya mchezo. Manjano peke yake mwili unayafukuza haraka sana, kurkumini inayofika kwenye damu ni kidogo mno, ila mwaka 1998 kule India walipewa watu gramu 2 za kurkumini na miligramu 20 tu za piperini, ule ukali wa pilipili manga, kiwango kilichoingia mwilini kikapanda kwa asilimia 2000. Imepanda kwa sababu piperini inazuia vimeng'enya vinavyosafisha mwili. Vinavyosafisha na dawa pia! Yule jamaa anaisifia pilipili manga kama kiungo cha kusaidia, mimi naiogopa kuliko mjonso wenyewe.

Mjonso nauheshimu, mtu wa Kigoma utaudharau vipi. Novemba 1987 kule milima ya Mahale, Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe anayejua dawa, alikuwa na Michael Huffman, mtafiti wa sokwe, wakamwona sokwe jike anaitwa Chausiku, mgonjwa, kachoka, akavunja tawi la mjonso, akamenya ganda, akatupa majani, akatafuna ule moyo wa ndani akifyonza maji yake. Kesho yake ana nafuu. Kwenye majani na ganda ndo kuna vernodalini nyingi, sumu ile, ambayo Wamarekani walishaona tangu 1969 inaua seli za kansa kwenye vichupa na ambayo kemia yake ni ya kung'ang'ania salfa, na glutathioni ina salfa, kwa hiyo unaona kwa nini watu wa maabara wanaichungulia. Ila Chausiku alitupa majani. Sisi tumeyatia kwenye blenda.

Nikamuuliza mama, umesaga nini? Majani mwanangu, na maganda kidogo, tusipoteze.

Akaniuliza kama aache na mchicha, nikamwambia mchicha kula mama, vitunguu vya kwenye mgebuka kula, manjano ya kwenye pilau haina neno, chakula ni chakula, tunachoongelea hapa ni chupa. Mjukuu alitaka kubisha, bibi akamkata jicho akanyamaza.

Kadi yake ya kliniki nikaigeuza nyuma, nikaandika kwa herufi kubwa daktari aone kabla hajatundika dripu ya Jumanne: MJONSO MAJANI NA GANDA, MANJANO, PILIPILI MANGA, GLASI 2 KWA SIKU, WIKI 3, AMEACHA LEO. Akaisoma taratibu, akaniambia sio wiki tatu, ni nne, nikakata nikaandika 4.