Ua la Dirishani Ambalo Kwao ni Mwambani

Kwa wauza miche wa kandokando ya barabara za Nairobi huuzwa mmea mfupi wa majani yenye vinyweleo na maua ya zambarau, ambao wanunuzi wengi hudhani asili yake ni Ulaya. Mmea huo ni Saintpaulia, na porini haupatikani popote duniani isipokuwa Tanzania na Kenya. Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi Tanga, ndiye aliyeufikisha Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaupa jina hilo la kitaalamu. Tangu 2015 wanabotania huuhesabu ndani ya jenasi, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu, iitwayo Streptocarpus, ingawa sokoni hakuna aliyejali badiliko hilo.

Upande wa Kenya makao yake ni finyu mno. Aina iitwayo teitensis huota katika msitu wa Mbololo, kwenye Vilima vya Taita, na ile ya rupicola huota kwenye miamba ya chokaa huko Kilifi. Vilima vya Taita ni mfano wa kisiwa: juu kuna msitu unaolowa ukungu kutokana na pepo za Bahari ya Hindi, na chini umezungukwa na nyika kavu ya Tsavo, ambayo mbegu za ua hili, ndogo kama vumbi na zisizo na mabawa, haziwezi kuivuka.

Ukiusogelea mmea wenyewe utashangaa, kwa kuwa mara nyingi udongo unaoulisha haujazi hata kiganja. Mizizi yake hushika ufa wa jiwe palipojikusanya majani yaliyooza, nayo majani yake hulala bapa kwenye mwamba uliopoa kwa kivuli.

Kivuli hicho ndicho watu hukisahau, wakidhani kwamba mwamba ukibaki basi na ua limebaki. Mti wa juu ukikatwa, jua hulipasha jiwe moto, unyevu wa ufani hukauka, na majani yaliyozoea mwanga hafifu huungua. Kilifi hali ni ngumu zaidi, kwani mawe ya chokaa yenyewe huchimbwa.

Basi anayelikuta porini asiling'oe. Miche ya dukani ipo tele. Apige picha, aandike mahali, mwinuko na aina ya mti unaolitilia kivuli. Kwetu sisi wa kuhifadhi kumbukumbu za mimea, jina la mti huo lina faida kuliko ua lililonyauka mfukoni.