Siga mbili, ndimi mbili

Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi ana msimamo mmoja ambao hajauacha kwa zaidi ya miaka 20: siga nyeusi ni kali, siga yenye rangi ya chai ya maziwa ni ya wanaoanza. Mimi kazi yangu ni kuchagua na kutunza siga, ile ya majani matupu isiyo na karatasi, na kila tukikutana tunalibishania hilo. Mwezi uliopita nilimwambia tuache maneno. Nikamfunga macho kwa leso.

Matayarisho ndiyo yaliyochukua muda. Kulinganisha siga mbili kunafaa pale tu unapojua zinatofautiana wapi. Nilichukua mbili za msokotaji mmoja, majani yake ya ndani yakitoka Nikaragua, zote za umbo la robusto: urefu inchi 5, unene 50. Unene huo huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo 50 inakaribia milimita 20. Ukilinganisha nyembamba na nene unajidanganya, maana nyembamba huwaka kwa joto zaidi, na ndani yake jani la nje huchukua sehemu kubwa zaidi ya ladha. Halafu nilizilaza wiki kadhaa kwenye sanduku moja, unyevu asilimia 65 hivi. Siga yenye maji mengi huzimika-zimika na kuwa chungu. Iliyokauka huwaka mbio na kuunguza ulimi. Mwisho nikazivua pete zake za karatasi, nyeusi nikaifunga uzi mwekundu, ya kahawia uzi mweupe, niweze kuandika bila kuzitaja.

Nilimwashia ya uzi mweupe kwanza. Akavuta mara tatu, akauachia moshi utoke puani taratibu, akatikisa kichwa. "Hii ndiyo nyeusi, kaka. Inanichoma pilipili mpaka kwenye paji la uso." Nikampa maji, tukapumzika, nikamwashia ya uzi mwekundu. "Hii laini. Ina utamu, kama kahawa iliyotiwa sukari guru." Hakuwa na shaka hata kidogo. Nilipomfungua leso aliitazama ile nyeusi mkononi mwake kwa muda mrefu.

Mambo yako hivi. Mtumbaku haukomazi majani yake sawa. Ya chini, volado, ni mepesi na kazi yake ni kusaidia moto. Ya katikati, seco, ndiyo yenye harufu nzuri. Ya juu, ligero, hupigwa jua kuliko wenzake, huwa manene, yenye mafuta na nikotini nyingi. (Kwa Kihispania ligero maana yake ni nyepesi, ilhali ndilo jani kali, jina hilo huwapoteza wengi.) Kwa kuwa huwaka polepole, msokotaji huliweka katikati kabisa, na jicho halifiki huko. Siga ya uzi mweupe ilikuwa na ligero zaidi ya mwenzake. Basi.

Na weusi je? Weusi wa maduro, yaani jani la nje lililoiva hadi kuwa jeusi, hutokana na kuchachuka kwa muda mrefu. Majani hulowanishwa, hurundikwa, rundo linajipasha joto lenyewe, linageuzwa, linarundikwa tena. Harufu kali ya amonia inatoka, jani linakolea rangi na kupata utamu. Lile la kahawia ni la mbegu ya Connecticut, jimbo la Marekani, ambalo kwao hukuzwa chini ya vitambaa ili jua lisilikaze. Ekwado mawingu hufanya kazi hiyohiyo bure. Kwa hiyo rangi inakudokeza jani la nje lilikotoka na lilivyolelewa. Ukali uulize majani ya ndani.

Sitaificha hatari yake. Moshi wa siga una alkali, ndiyo maana nikotini hupenya kwenye utando wa mdomo hata usipouvuta hadi mapafuni. Hapo ndipo kizunguzungu cha aliyevuta na njaa kinapoanzia, na usijidanganye kwamba kutouvuta kifuani kunakukinga na saratani ya mdomo na koo. Sisi huvuta mara moja kwa mwezi, tumeshiba. Asiyevuta sina sababu ya kumwambia aanze.

Lakini lililonigusa zaidi siku ile lilikuja baadaye, tulipofika nusu. Sasa kila mmoja alikuwa na yake, mimi ya uzi mweupe, yeye nyeusi, na nyeusi ile ikaanza kumkera. "Imebadilika, imekuwa chungu kama lami." Yangu ilikuwa bado tamu. Nikamtazama mkono. Alikuwa anavuta kila baada ya sekunde 20 hivi, huku akizungumza, na ncha ya siga yake ilikuwa imechongoka kama penseli, majivu yakianguka kabla hayajakomaa. Mimi huvuta mara moja kwa dakika, pengine chini ya hapo. Nikamwomba tubadilishane.

Ile yake niliiweka pembeni dakika mbili ipoe, kisha nikapuliza taratibu kuelekea nje, kutoa moshi uliolala ndani. Mvuto wa kwanza ulikuwa mchungu kweli. Wa tatu, utamu wa guru ukarudi. Nikaangalia upande wake: alikuwa ameishika yangu kwa vidole vitatu, ametulia, saa ya mkononi ameivua na kuilaza mezani, anangoja mshale umalize mzunguko. Akavuta, akanyamaza. Kisha akaomba kalamu, na chini ya "pilipili" aliyoniambia niandike mwanzoni akaongeza mwenyewe: karanga za kukaanga, mbao mpya.