Dolly hakufa kisa alikuwa kloni

Hii stori kwamba yule kondoo Dolly alizeeka haraka akafa mapema kisa ni kloni, yaani nakala iliyotengenezwa kwa seli ya kondoo mwingine, imezunguka miaka mingi sana, yaani ukigusia tu mambo ya kukloni lazima mtu aitoe, ila sio kweli.

Dolly alizaliwa Julai 1996 pale Taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh huko Scotland, na seli waliyotumia ilitoka kwenye kiwele cha kondoo wa miaka 6, ndo maana watu wakasema kazaliwa mzee tayari. Februari 2003 alidungwa sindano ya kumuua ili asiteseke, maana alikuwa na uvimbe kwenye mapafu unaoletwa na kirusi, na huo ugonjwa hata kondoo wa kawaida wanaupata. Halafu 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, wakatoa matokeo ya kondoo 13 wa kloni, wanne kati yao wametokana na seli zilezile za Dolly, walikuwa na miaka 7 mpaka 9 na wengi walikuwa fiti tu kwa umri wao.

Mimi kinachoniuma ni kingine kabisa, ambacho watu hawakiongelei. Mayai 277 yaliunganishwa na seli, yakapatikana viinitete (mimba changa kabisa) 29, wakapandikiziwa kondoo jike 13, akazaliwa Dolly peke yake. Sasa anayetaka kukloni binadamu atuambie, hayo majaribio atayafanya kwenye matumbo ya kina mama gani, na mtoto akizaliwa na kasoro nani atamjibu?