Ini halisafishwi

"Naomba dawa ya kusafisha ini." Ombi hili halikauki kwenye dirisha la dawa, na kila likija linakuja na sura mpya: mara unga wa majani, mara vidonge vya silimarini, mara mafuta ya zeituni na maji ya limau yanayonywewa usiku mmoja, kisha mtu anaahidiwa kwamba asubuhi atayaona mawe. Chini ya yote hayo kuna imani moja: ini ni chujio, sumu hunasa humo kama machicha, na miaka ikipita chujio linaziba.

Ini si chujio. Kinachochuja ni figo. Ini hupokea damu ya lita moja na nusu hivi kila dakika, na seli zake huokota kutoka humo molekuli zinazozitaka, kwa kutumia protini zilizojipachika kwenye utando wa seli: visafirishi. Seli ya ini ina pande mbili zisizofanana. Upande unaotazama damu una visafirishi vya kuingiza: OATP1B1 na OATP1B3 kwa bilirubini (rangi ya njano itokanayo na chembe za damu zilizochakaa), statini (dawa za kushusha kolesteroli) na dawa nyingi zenye chaji hasi, NTCP kwa chumvi za nyongo, na OCT1 kwa zenye chaji chanya kama metformini ya kisukari. Upande unaotazama kijifereji cha nyongo una vya kutoa: P-glikoprotini, MRP2, BCRP na BSEP. Hivi vya kutoa hutumia ATP, nishati ya seli, maana husukuma kitu kutoka kilipo kichache kwenda kilipo kingi. Katikati, vimeng'enya huikata dawa au kuibandika sukari, salfeti au glutathioni, molekuli ya seli ya kudaka sumu. Kinachobaki hutoka na nyongo kuelekea chooni, au MRP3 na MRP4 hukirudisha kwenye damu ili figo zikitoe.

Sasa uchafu wa kusafishwa uko wapi hapo? Haupo. Kuna vitu vinavyoweza kulundikana kwenye ini, ndiyo: mafuta, chuma, shaba. Lakini kila kimoja kina ugonjwa wake, kipimo chake na tiba yake. Katika ugonjwa wa Wilson, kwa mfano, kisafirishi cha shaba kiitwacho ATP7B ni kibovu tangu kuzaliwa, shaba haitoki kwenye nyongo, na mgonjwa hutumia penisilamini au zinki maisha yake yote. Juisi ya siku tatu haimo kwenye matibabu hayo.

Yale mawe ya asubuhi nayo tuyamalize. Mafuta ya zeituni yakikutana na vimeng'enya vya utumbo hutoa asidi za mafuta, nazo zikiungana na madini hufanya vidonge laini vya kijani. Ni sabuni. Vilipopimwa maabara havikuwa na kolesteroli wala kalsiamu kama mawe halisi ya nyongo, na vikipashwa hadi nyuzi 40 huyeyuka. Haluli inayonywewa pamoja na mafuta hayo kazi yake ni kuharisha tu. Mtu mwenye mawe ya kweli akiibana nyongo yake kwa kikombe cha mafuta anaweza kulisukuma jiwe likakwama kwenye mrija, na hapo ni dharura ya hospitali.

Silimarini ndiyo inayokera zaidi, kwa sababu ina kazi ya kweli ambayo wauzaji hawaitaji. Hutoka kwenye mbegu za mmea wa jamii ya mbigili. Ulaya, sehemu yake iitwayo silibini hutolewa kwa dripu kwa waliokula uyoga wa Amanita phalloides. Sumu ya uyoga huo, amanitini, huingia seli ya ini kwa OATP1B3 na NTCP, kisha huzima RNA polimerasi II, kimeng'enya kinachonakili maagizo ya jeni kuwa RNA, na seli inayonyimwa RNA hufa. Mtu hutapika na kuhara saa 6 hadi 24 baada ya kula, anapata nafuu ya uongo, halafu ini linaanguka siku ya pili hadi ya nne. Silibini huanzwa kwa miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, kisha miligramu 20 kwa kilo kwa siku, na moja ya kazi zake ni kuvifunga visafirishi hivyo vya kuingizia. Soma hapo tena: inazuia sumu isiingie. Haiingii kufagia. Na ile ya vidonge hufyonzwa vibaya utumbo, kwa hiyo aliyeimeza kwa miezi mitatu "kusafisha" hajafanya hata hicho kidogo.

Kuna sumu ambazo ini lenyewe ndilo huzigeuza kali. Aflatoksini B1 ya mahindi yaliyoota ukungu huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hupenya utando bila kuhitaji kisafirishi. Ndani, kimeng'enya huigeuza kuwa epoksidi, kemikali kali inayong'ang'ania DNA. Glutathioni ikiwahi kuidaka, inatolewa. Isipowahi, madhara yameshaingia na hakuna kinywaji cha kuyachomoa. Mlipuko wa mwaka 2004 mashariki mwa Kenya ulikuwa na wagonjwa 317, na 125 walifariki. Kuchemsha ugali hakuiui. Kinachozuia ni kukausha mahindi hadi unyevu wa asilimia 13 au chini yake kabla ya kuyahifadhi, na kutupa yaliyovunda badala ya kuyasaga.

Je, ini haliwezi kuziba kabisa? Linaweza, lakini dalili zake si uchovu na chunusi. BSEP, kisafirishi cha kutoa chumvi za nyongo, ikizuiwa, chumvi hizo hushindwa kutoka, hujaa ndani ya seli na kuiunguza. Mgonjwa huwashwa mwili mzima, macho huwa ya njano, mkojo huwa kama chai ya rangi na choo hupauka. Bosentani, dawa ya shinikizo la mishipa ya mapafu, huizuia BSEP, ndiyo maana wanaoitumia hupimwa ini kila mwezi. Siklosporini, dawa ya waliopandikizwa viungo, nayo huizuia. Mgonjwa kama huyo akiongeza chupa ya mitishamba anaiongezea seli iliyolemewa kitu kingine cha kutoa. Dawa ya hapo ni kusimamisha kilichosababisha, kwa uamuzi wa daktari.

"Nimezitenganisha kwa saa mbili, hazitagongana"

Hii ni ya pili kwa kuudhi, na wakati mwingine inatoka kwa watoa huduma wenyewe. Kutenganisha saa kunasaidia pale dawa zinapogongana ndani ya utumbo. Dolutegraviri, dawa ya VVU, hunaswa na kalsiamu, chuma na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini. Hapo meza dolutegraviri saa 2 kabla au saa 6 baada ya hizo, umemaliza. Kwenye ini hesabu ni nyingine kabisa.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ni mfano mzuri kwa sababu ina nyuso mbili. Dozi ya kwanza huiziba OATP1B1, na atovastatini, mojawapo ya statini, iliyomezwa pamoja nayo hupanda kwenye damu mara kadhaa kwa kukosa njia ya kuingia kwenye ini. Ikitumika kwa wiki mbili, rifampisini inakuwa imeliamuru ini kutengeneza vimeng'enya vingi na P-glikoprotini nyingi. Hapo ukimeza atovastatini saa kadhaa baadaye, kiasi chake kwenye damu huporomoka kwa takriban asilimia 80. Ndiyo sababu maelekezo ya atovastatini yanasema zimezwe kwa pamoja, kinyume kabisa na ushauri wa kutenganisha. Kwa dolutegraviri hakuna saa itakayokuokoa: anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu anahitaji miligramu 50 kila baada ya saa 12, na aendelee hivyo wiki mbili baada ya dozi ya mwisho ya rifampisini, maana vimeng'enya vilivyoongezwa havipungui siku hiyo hiyo.

Hivyo mazoea ya kueleza "natumia dawa ya presha na nyingine nyeupe" yaachwe. Weka dawa zote kwenye mfuko mmoja, na za mitishamba, na zile unazomeza mara mojamoja, uje na mfuko.

Kwa anayetumia rifampisini, mkojo wa rangi ya chungwa si sumu inayotoka wala ini linalokufa. Ni rangi ya rifampisini yenyewe, ipo hadi kwenye machozi. Bilirubini nayo inaweza kupanda kidogo siku za mwanzo huku ALT, kipimo cha damu cha kuumia kwa ini, ikiwa sawa, kwa sababu rifampisini na bilirubini zinagombea visafirishi vilevile. Hilo peke yake si sababu ya kuacha tiba. Sababu ni ALT kuzidi mara 3 ya kikomo cha juu cha kawaida pamoja na dalili kama kichefuchefu, maumivu ya tumbo au macho ya njano, au kuzidi mara 5 hata bila dalili.

"Ya asili haina madhara kwa ini." Kisafirishi hakisomi lebo. Baadhi ya mimea ya Crotalaria na Senecio ina sumu ziitwazo alkaloidi za pirolizidini, na OCT1, ileile inayoipeleka metformini, huzipeleka ndani. Matokeo yake ni kuziba kwa vena ndogo za ini na tumbo kujaa maji.

"Aliyekunywa sumu apewe maziwa, au mkaa." Maziwa hayavuti sumu kutoka kwenye damu. Kwa aliyekunywa mafuta ya taa, kumlazimisha anywe maziwa hadi atapike ni kuyapeleka mafuta mapafuni. Mkaa wa hospitali ni mkaa amilifu, gramu 50 kwa mtu mzima, na hufaa zaidi ndani ya saa ya kwanza. Wa jikoni uliotwangwa si huo, na kwa mafuta ya taa hata huo amilifu hautumiki.

"Jirani anameza dozi hiyohiyo na yuko salama." Jirani ana jeni zake. Mwaka 2008 utafiti wa Uingereza kuhusu simvastatini, statini nyingine, ya miligramu 80 ulionyesha kwamba aliyerithi OATP1B1 dhaifu kutoka kwa mzazi mmoja alikuwa na uwezekano wa kuumia misuli mara 4.5 hivi kuliko asiye nayo, na kwa aliyerithi kwa wazazi wote wawili ulikaribia mara 17. Dawa isiyoingia ini hubaki kwenye damu na kuifikia misuli. Mwaka 2011 Marekani ilizuia kuanzishia wagonjwa wapya dozi hiyo.

"Metformini inachosha ini." Ini haliivunji kabisa, huingia kwa OCT1, ikafanya kazi, na hutoka nzima kwa figo. Cha kuangalia ni kwamba dolutegraviri huziba njia zake kwenye figo, kwa hiyo ukiwa na zote mbili metformini isizidi miligramu 1,000 kwa siku.

Na juisi si maji. Balungi huzima kimeng'enya cha ukuta wa utumbo kwa zaidi ya siku nzima, simvastatini ikapanda. Kwa fexofenadini ya mzio ni kinyume: juisi ya balungi, chungwa au tufaha huzuia visafirishi vya kuiingiza kwenye ukuta wa utumbo, dawa ikapita hadi chooni, na mtu akarudi kulalamika kwamba ameuziwa feki. Meza kwa maji.