Soap na sabuni: nani alikopa kwa nani?

Sisi tunaoshughulika na kamusi huulizwa sana swali hili: je, Waingereza walitoa neno "soap" kwenye sabuni, au sisi ndio tuliochukua kwao? Hakuna aliyekopa kwa mwenzake. Haya ni maneno ya ukoo mmoja yaliyopotezana zamani sana, moja likashika njia ya kaskazini, jingine ya kusini.

Kwanza tuiondoe hadithi ya Mlima Sapo, inayodai kwamba ndiko jina la sabuni lilikotoka. Husimuliwa kwamba karibu na Roma palikuwa na mlima wa kuchinjia kafara; mvua ikashusha mafuta na majivu hadi mtoni, na wafuaji wakashangaa nguo zinavyotakata. Hadithi tamu, ila mlima wenyewe haujulikani ulipo.

Warumi hao walizoea kujipaka mafuta kisha kujikwangua uchafu kwa chuma kilichopinda. Nguo zao madobi walizikanyaga kwenye mkojo uliochacha, na zilitakata kweli, kwa sababu amonia, kemikali iliyomo kwenye mkojo huo, hung'oa mafuta. Neno "sapo", yaani sabuni katika Kilatini chao, lilikuwa la kigeni kwao. Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 volkano ya Vesuvius ilipolipuka, aliandika kwamba sapo ni uvumbuzi wa Wagauli, wenyeji wa kale wa Ufaransa ya leo, hutengenezwa kwa shahamu na majivu, na shahamu iliyo bora ni ya mbuzi. Kazi yake? Kutia nywele wekundu! Akaongeza kuwa huko Ujerumani wanaume ndio walioipenda kuliko wanawake.

Ijapokuwa Pliny aliwapa Wagauli sifa ya uvumbuzi, jina lenyewe lina asili ya Kijerumaniki, yaani lugha za makabila ya kale ya kaskazini mwa Ulaya yaliyozaa Kijerumani na Kiingereza. Wafini, majirani wa makabila hayo, walilikopa mapema, na hadi leo wanasema "saippua". Waingereza wa kale walisema "sape", kwa a ndefu. Baadaye a ndefu za lugha yao zikageuka o: "stan", yaani jiwe, ikawa "stone", na "sape" ikaishia kuwa "soap".

Tawi la kusini lilitoka Kilatini likaingia Kigiriki, "sapon", kisha Kiaramu, lugha ya kale ya Mashariki ya Kati, hadi Kiarabu. Kiarabu hakina sauti p, kwa hiyo ikawa b: "sabun". Pwani yetu ikaongeza irabu mwishoni, kama tulivyofanya kwa "kitab" ya Kiarabu ikawa kitabu, na sabuni ikapanda bara. Wagikuyu wakaiita thabuni, Waganda sabbuuni, Wanyarwanda isabune.