Mgonjwa wa saratani asisubiri akonde

Kliniki siulizwi sana kuhusu dawa. Naulizwa kama ni kweli sukari inalisha saratani. Mtu anafika tayari ameshaacha sukari, nyama, maziwa na mayai kwa ushauri wa majirani na ujumbe wa WhatsApp, amebaki na juisi ya mboga, na suruali anaikaza kwa kamba.

Mimi ni mtaalamu wa lishe, na utafiti wangu wote umekuwa juu ya uzito ambao wagonjwa wa saratani wanaupoteza. Kwa hiyo hili la sukari nalijibu kwa kirefu. Miaka ya 1920 mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, alionyesha kwamba seli za saratani hutumia glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, kwa wingi. Hilo ni kweli. Lakini usipokula, ini lako hutengeneza glukosi lenyewe, na sehemu ya malighafi yake ni protini inayotoka kwenye misuli. Anayejinyima chakula hauui uvimbe kwa njaa, anaimaliza misuli yake. Soda za kila siku sizitetei, ila chai yenye sukari kwa mtu anayekonda siwezi kuikataza.

Kukonda kwa saratani si njaa ya kawaida. Ugonjwa wenyewe unaubadilisha mwili, misuli inavunjwa kuliko inavyojengwa, na hamu ya kula inakufa. Tunaita kakeksia. Mwaka 2011 wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na daktari wa upasuaji Kenneth Fearon wa Edinburgh, walikubaliana kwamba kupoteza zaidi ya 5% ya uzito ndani ya miezi sita bila kukusudia ni dalili yake. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni kilo tatu na nusu tu, na nyumbani hakuna atakayeziona. Hali hii ikishakomaa, chakula peke yake hakiirudishi nyuma, ndiyo maana nahimiza kuanza mapema.

Na wanene? Hao ndio wanaonitia hofu zaidi. Carla Prado, naye mtaalamu wa lishe, na wenzake wa Kanada walichapisha mwaka 2008 utafiti uliotumia picha za CT, zinazoonyesha ndani ya mwili, ambazo wagonjwa walikuwa wameshapigwa kwa ajili ya matibabu. Walipima misuli kwenye usawa wa pingili ya tatu ya kiuno, wakakuta wagonjwa wanene wenye misuli michache sana, na hao waliishi muda mfupi kuliko wanene wenzao. Macho yangedanganyika, na mizani pia.

Huku kwetu Afrika Mashariki saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, imeenea, na mgonjwa anaanza kushindwa kumeza kabla hata hajajua anaumwa nini. Hadi anafika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, amekuwa wa uji kwa miezi. Ndipo namuuliza anayemuuguza:

"Mama, uji mnautia nini?"

"Maji na unga, mwanangu. Na sukari kidogo."

Kinachohitajika ni kilokalori (kipimo cha nguvu inayotokana na chakula) 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini zaidi ya gramu moja kwa kilo, ikiwezekana hadi moja na nusu. Uji wa maji haufiki huko hata akinywa sufuria nzima. Basi tunaupika kwa maziwa, tunakoroga yai ndani yake ukiwa unachemka mpaka liive, tunaongeza kijiko kikubwa cha siagi ya karanga na kimoja cha mafuta, ambacho peke yake kina kilokalori kama 120. Kikombe ni kilekile, na anayechoka kumeza hahitaji kumeza zaidi.

Akianza kukwama hata kwa uji, msingoje. Ulizeni mapema kuhusu mpira wa kulishia, au kijibomba cha kupanua umio, ambacho Hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, imekuwa ikikiweka kwa miaka mingi. Ulizeni kabla ya mionzi kuanza, kwa sababu mionzi ya kifua huunguza koo na kumeza kunazidi kuwa kugumu wiki hadi wiki. Na kila mnapokuja kliniki, ombeni apimwe uzito na uandikwe kwenye faili, hata kama hakuna aliyewaambia.