Dhana Potofu Kuhusu Kutafuta Mababu wa Wales

Wiki haipiti bila mteja kuniambia kwamba mababu zake wa Wales walikuwa watu wa kapeli, yaani Waprotestanti waliosali nje ya Kanisa la Anglikana, na kwa hiyo rejista za parokia za Kianglikana hazimhusu. Nimelisikia neno hili mara nyingi mno, hata sasa nalijibu kabla mwenyewe hajalimaliza.

Ukweli ni kwamba tangu Machi 1754 hadi Julai 1837 sheria iliwalazimu watu wote, isipokuwa Wayahudi na Quaker, kufunga ndoa katika kanisa la Anglikana. Hata mzee wa kapeli asiyetaka kumsikia askofu alisimama mbele ya kasisi siku ya harusi yake, akatia sahihi au alama ya msalaba katika rejista ya parokia. Wamethodisti wa Kikalvini nao hawakujitenga rasmi na Anglikana hadi 1811, na kabla ya hapo wengi wao walibatiza watoto wao parokiani. Kapeli nyingi hazikuwa na makaburi, hivyo waumini wake walizikwa katika uwanja wa kanisa la parokia. Kwa upande wa Wabaptisti, ambao hawabatizi watoto wachanga, kumtafuta mtoto katika orodha za ubatizo wao ni kupoteza muda. Anza na ndoa ya wazazi wake, na ndoa hiyo imo parokiani. Mteja wangu mmoja alipekua karatasi za kapeli kwa miaka miwili, na ndoa aliyoitafuta ilikuwa katika kanisa lililo ng'ambo ya pili ya mto.

Wengine hudhani kwamba rejista zote za kapeli ziko London. Nyingi zilikabidhiwa serikalini baada ya 1837 na sasa zimo katika Hifadhi ya Taifa huko Kew, London, lakini nyingine ziko Maktaba ya Taifa ya Wales mjini Aberystwyth au katika ofisi za kumbukumbu za kaunti, na baadhi ya wachungaji waliziona kuwa mali yao, wakahama nazo. Rejista ya parokia ikipotea, tafuta nakala alizopelekewa askofu, ambazo pia ziko Aberystwyth pamoja na wosia za kabla ya 1858.

Dhana nyingine ni kwamba jina la ukoo lilirithiwa daima bila kubadilika. Msomaji wa pwani anayejua maana ya «bin» ataelewa upesi: Mwelisi wa zamani aliitwa kwa jina la baba yake, akiunganishwa kwa «ap» au «ab», na ndiyo maana ap Hywel amekuwa Powell na ab Owain amekuwa Bowen. Katika baadhi ya sehemu za kaskazini na magharibi desturi hiyo ilidumu hadi karne ya 19, kwa hiyo mtoto wa John Evans angeweza kuitwa Thomas Jones, yaani Thomas wa John, bila mtu kushangaa. Ninawasihi wateja wangu wafuatilie jina la shamba kabla ya jina la mtu, kwa kuwa akina John Jones katika parokia moja hawahesabiki, ilhali shamba ni moja.

Na Kiwelisi kisiwatishe. Rejista za parokia kwa kawaida ziliandikwa kwa Kiingereza, na kabla ya 1733 mara nyingi kwa Kilatini. Kwenye karatasi za kapeli yatosha kuanza na maneno manne: «ganwyd» ni alizaliwa, «bedyddiwyd» alibatizwa, «priodwyd» walifunga ndoa, na «claddwyd» alizikwa.